Hadithi Isiyojikwaa

Kila asubuhi Chibalonza alipoingia kumwogesha mzee mzungu aliyemtunza huko Blacktown, Australia, mzee alishusha barakoa hadi kidevuni na kuanza habari za babu wa babu yake, wakili wa mji mdogo aliyeacha kesi mezani akapanda farasi kwenda vitani, akarudi bila mkono wa kushoto. Lokdauni ya korona ilikuwa imewafungia nje wageni wengine wote. Kidole chake kilisugua kifungo cha sweta, sauti ikipanda palepale kwenye farasi na kushuka palepale kwenye mkono. Hakukosea hata neno, na hilo ndilo lililomtia Chibalonza shaka. Kule kwenye kambi ya wakimbizi, kabla ya kuletwa Australia, aliwaona watu wakihojiwa na maofisa wa uhamiaji. Waliosema yaliyowapata walisitasita, wakajirudi, wakabishana na wake zao. Waliofundishwa la kusema ndio waliotiririka.

Siku moja, akiwa amepiga magoti kumfunga kamba za viatu, akauliza, “Mzee, huyo wakili wenu mwenye mkono mmoja, viatu alikuwa anafungwa na nani?”

Kidole kikasimama juu ya kifungo. Mzee akapandisha barakoa taratibu mpaka puani.