Boti ya wagonjwa, au pampu?

Leo nimesikia pesa za harambee zikinguruma.

Mnakumbuka tulichanga tununue boti ya kuvusha wagonjwa, mafuriko yakikata barabara ya Garsen. Mama Rehema alitoa jogoo wake wa pekee, akapigwa mnada, akarudishwa, akapigwa mnada tena.

Leo mwenyekiti wa harambee katuita, anaongea kwa upole. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku, maana yule si mtu wa upole.

"Jamani, boti ni ya siku ya kuugua. Kula ni kila siku. Tununue pampu, tumwagilie mashamba."

Watu wakaanza kukubali. Hata mimi, kidogo.

Mara tukasikia injini huko mtoni.

Sasa, sisi wakulima wa hapa tunajua kila pampu kwa sauti yake. Ya Baba Yona hukohoa. Ya kina Hamisi hulia kama mbuzi. Hii ilikuwa laini, na hakuna aliyeijua.

Mama Rehema akauliza pole pole, "Hiyo ni ya nani?"

"Labda ya watu wa ng'ambo," mwenyekiti akajibu, bila hata kugeuka.

Ndipo mkewe akatokea kwenye njia ya shambani, matope hadi magotini.

"Baba Dani, maji yashafika kwenye migomba yetu. Hawa washakubali, ama niizime kwanza?"



Nyinyi mlio mbali, hebu niambieni: jogoo wa Mama Rehema alipanda boti gani?