Mbuzi wa Joka

Mchezo ule aliniachia mwalimu mwenzangu, mgeni kutoka Ulaya, aliporudi kwao. Mimi nasimulia, wachezaji wanajifanya mashujaa, dadu inaamua nani afe. Jumapili baada ya misa niliwachezesha wachimbaji watatu wa Rwamgasa.

Siku hiyo niliwawekea joka pangoni, limelalia dhahabu, linatema moto. Nikasubiri wachomoe mapanga. Hakuna aliyegusa dadu. Mkubwa wao akaniuliza taratibu, "Mwenye mali anataka nini?"

Nikafoka. Hili ni la kuua, jamani, ndiyo raha yenyewe! Wakanitazama kama mtu aliyetukana kanisani. Kwao hakuna anayeshuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, kabla mzimu mwenye dhahabu hajachinjiwa. Wakalilipa joka mbuzi mweusi, kwa mdomo tu, wakapita. Nilikasirika mpaka nikafunga kitabu cha mchezo.

Wiki ile walifungua duara jipya, likawaporomokea. Alitoka hai yule mkubwa peke yake. Nilipokwenda kumpa pole alinishika mkono, akakataa kuuachia.

"Mwalimu," akasema, "safari hii hatukuchinja. Tulidhani yule mbuzi wa mchezoni anatosha."