Vijiti Mkononi mwa Fusae

Simu ilipolia, Fusae alikuwa anaosha mchele. Aliishika kwa mkono wa kulia, uliokufa ganzi tangu alipopata kiharusi, ikamponyoka. Sauti ya msimamizi wa mumewe kazini ikamfikia kutoka sakafuni: Shigenori alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo, moyo ukasimama, daktari ameshindwa.

Akapiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani, akalitaja jina la Amida Buddha, akalia. Ila kilichomkosesha usingizi ni ule mkono. Kwa desturi yao, mwili ukishachomwa, jamaa huokota mifupa kwa vijiti virefu, na ule wa koo, wenye umbo la Buddha aliyeketi, huachiwa mtu wa karibu zaidi. Ukimponyoka je? Akiuponda?

Shigenori alikuwa mtu wa kawaida wa mji wa Iwaki, mpenzi wa samaki wa kuchoma na wa kusikiliza mbio za farasi redioni. Alikuwa akiondoa vifusi katika kinu cha nyuklia kilichoharibika, mahali ambapo binadamu haingii. Alikaa mbali, ameshika mpini wa kuendeshea mashine. Mkono wa mashine ulipogusa kitu kule ndani, mpini ulimsukuma kiganjani, naye akajua kama ni chuma au zege lililolegea. Nyumbani alijizoeza kwa kuinua vipande vya tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa, kwa vijiti vya kulia, amefumba macho. Fusae alipougua, akamshirikisha.

"Mama Naho, unaikaba kama mwizi."

"Na wewe unaibembeleza kama mchumba. Kula, supu inapoa."

"Vidole vimelala, sawa. Kiwiko nacho? Ukigusa kitu, nacho kinakusukuma. Kingoje kikusukume, halafu usiongeze nguvu."

Tofu ikapasuka. "Haya," akasema Shigenori, "leo tunainywa."

Siku ya mazishi, kwenye tanuri la kuchomea maiti, walianza na mifupa ya miguu. Wa kwanza ulimteleza Fusae, ukarudi kwenye majivu. Shemeji yake akakohoa.

Ilipofika zamu ya mfupa wa koo, binti yake akamnong'oneza, "Mama, niachie mimi."

"Tuushike wote, Naho. Wewe huko, mimi huku. Usivute."

Fusae hakuvitazama vidole. Alinyoosha vijiti, akangoja huku midomo ikilitaja jina la Amida. Msukumo mdogo ukapanda hadi kwenye kiwiko. Akaishia hapo, hakuongeza nguvu. Mfupa ukainuka.

Wakauweka juu ya mingine ndani ya chungu. Mhudumu akakifunika, akakifunga kwa kitambaa cheupe. Fusae akakipakata njia nzima hadi nyumbani.