Dawa Iliyoishia Kwenye Maranda

Saa mbili asubuhi, fundi seremala anagonga tendegu la kitanda kwa mpini wa nyundo. Hagongi kwa nguvu. Unga mweupe unamwagika kutoka kwenye vitundu vidogo kama kichwa cha pini. Anagonga tendegu la pili. Unga. La tatu, unga.

"Bungua," anasema, bila kumtazama mtu. "Wamekula, wameshiba, wametubakizia ganda."

Mke wake anapita na ndoo, analitupia jicho rundo lile. "Unga wote huo, baba watoto, na sufuria yangu imejifunika tangu juzi."

Ni mzaha, lakini hakuna anayecheka.

Vitanda vilivyorudishwa ni ishirini na vinne. Vimejaa ua mzima. Ni vya ghorofa, cha juu na cha chini; alivitengeneza kwa ajili ya bweni la wasichana, vikadumu miezi tisa. Wiki tatu zilizopita mfumbati wa kimoja, ule ubao wa ubavuni, ulikatika, msichana aliyelala juu akaanguka na kuvunjika mkono.

Mtaani wanamwita Babu Patasi, na kwa miaka thelathini na moja jina hilo lilimtosha. Sasa ameiomba shule imruhusu avitengeneze vyote upya, bure, walau asafishe jina. Leo anasubiri jibu.

Mbao zenyewe ni za mti wa mpira. Mti huo hugemwa utomvu miaka ishirini na tano, hata thelathini, na ukishaishiwa hukatwa. Zamani uliishia kuwa kuni. Siku hizi unapasuliwa mbao.

"Msiudharau," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti inapata uhai. "Randa inateleza, msumari unakaa, vanishi inashika vizuri. Na bei ni nusu ya mbao ngumu. Mtu wa kipato kidogo naye alale kitandani."

Ila una utamu ndani. Usipotiwa dawa siku chache tu baada ya kukatwa, ukungu unauchafua kwa madoa ya buluu na bungua wanahamia. Ndiyo maana kiwandani mbao huzamishwa kwenye birika la dawa, kisha hukaushwa. Hata hivyo ni mbao za ndani ya nyumba; mvua haziiwezi.

Yote hayo aliyajua, na mbao alizonunua zilikuwa zimetiwa dawa. Tatizo ni kwamba kiwanda kile huzizamisha kwa muda mfupi, na dawa huingia unene wa ukucha tu. Mwenye kiwanda alimwonya: "Fundi, kata urefu utakavyo, ncha upake dawa. Lakini usizipasue unene. Ukitaka nyembamba, niambie nizipasue kwanza, ndipo nizizamishe."

"Nikajisemea, huyu mjanja, anataka ninunue mbao nyingi," anasimulia. "Mimi nifundishwe kupasua mbao na muuza mbao?"

Akazichukua za inchi mbili, akazipasua katikati, kila moja ikazaa mbili. Kisha akazipiga randa hadi zikang'aa.

"Dawa yote nikaisukumia kwenye maranda," anasema. "Yamo kwenye gunia pale. Kayatazame. Hayajaguswa na mdudu hata mmoja."

Saa nne matroni wa bweni anaingia uani, mkoba kwapani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

"Kaa kwanza, babu."

"Nikikaa, jibu litabadilika?"

Matroni anatazama chini. "Mwalimu mkuu amekataa. Vitanda vya chuma vimeshushwa jana. Nilimwambia utatengeneza bure. Akasema mkono wa mtoto wa watu hauna bure."

"Kasema kweli. Na binti mwenyewe?"

"Plasta itatolewa mwezi ujao. Lakini analala sakafuni. Hata hivi vipya vya chuma amegoma kuvipanda. Ukimlazimisha, anatetemeka."

Hapo fundi anakaa, juu ya kitanda kilekile kilichobunguliwa, na kinalia chini yake.

Habari mbaya haihitaji nauli. Wateja saba walioweka oda mwezi uliopita wamejitoa wote. Wa mwisho alimtuma mtu tu aje kuchukua vipimo vyake. Wanawe wanamwambia afunge karakana akalee wajukuu. "Nikalee kwa mikono hii?" anauliza.

Mchana anavuta mbao nne mbichi, zilizopasuliwa jana kiwandani, ambazo bado hazijaonja dawa. Safari hii anapiga randa kwanza. Anakata kila kipande kwa kipimo chake, akiacha nafasi ya kusinyaa, na anatoboa kila tundu mapema. Kesho alfajiri atazibeba hadi kiwandani, zikalale birikani siku nzima. Ni kitanda kimoja, kifupi, futi moja tu kutoka sakafuni. Hakuna aliyekiagiza.

"Cha yule binti?" mkewe anauliza.

"Cha yule binti."

"Atakubali kukilalia?"

"Sijui."

"Na mama yake akikirudisha?"

Fundi anapuliza vumbi kwenye tundu, analichungulia. "Akirudishe. Mradi safari hii kirudi kizima."