Mama Alivyomtambua Mfiwa

Leo mama amenikuta nalia sebuleni, akadhani tumefiwa.

"Nani amekufa?"

Nikamwambia ni filamu tu, mtu kafiwa na mpenzi wake. Kiswahili kikanisitiri, maana "mtu" na "mpenzi" hayasemi kama ni mwanaume au mwanamke.

Nikadhani yameishia hapo.

Kumbe wapi, akakaa. Akataka niirudishe mwanzo naye aione.

Jamani, mama yangu huyu, mwanakwaya wa hapa Nyakato, anatazama wanaume wawili wanaopendana. Nimeshika rimoti nasubiri aseme, "Zima!" Wewe ungefanyaje?

Akaendelea kutazama.

Tukafika kwenye msiba. Ndugu wa marehemu wamekaa mbele, watu wanapita kuwapa pole. Yule mpenzi aliyebaki kasimama nyuma kabisa, kama jirani tu. Nami nimewahi kusimama hapo nyuma.

Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mbona huyo hawampi pole? Si ndiye mfiwa?"

Nilikimbilia jikoni, nikajifanya nabandika chai. Nilipomletea kikombe alikiweka chini, akanishika mkono.

"Pole, mwanangu."

Asante iligoma kutoka mdomoni. Ndiyo maana naiandika hapa.