Isale kwa Fabian

Filamu ilioneshwa Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa parokia huko Mwika. Ilikuwa fupi, ya mambo ya zamani: muuguzi anawafungua wagonjwa wa akili minyororo, kisha anaketi chini na kula nao sahani moja. Ukumbi mzima ukapiga makofi, isipokuwa Bibi Salvina.

Zamani, kaka yake, Fabian, alipougua akili, nyumbani walimfunga kwenye banda la ng'ombe miaka sita, mpaka kufa. Chakula alikipeleka Salvina, akisukuma sahani kwa fimbo. Na hawa hawa wanaopiga makofi leo walikuwa wakija kumchungulia na kucheka.

Kumbe ilitosha kuketi tu!

Alirudi nyumbani peke yake, akapika kiburu cha ndizi na maharage, akachuma jani la isale na kulipiga fundo. Akaketi kaburini kwa Fabian, katikati ya migomba. Akala nusu, nusu akamwachia.

Mchagga akiletewa isale hakatai. Hata awe na kinyongo gani, hulipokea akasamehe. Salvina akanyoosha mkono wenye jani, akangoja mpaka ukafa ganzi.

Hakuna aliyekataa. Wala hakuna aliyepokea.