Ada Iliyokwama kwa Herufi Moja

Nilipokuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, baba alinikabidhi mtamba mmoja nimvushe ng'ambo, nimfikishe kwa mjomba wangu upande wa Sengerema. Mtamba mwenyewe alikuwa mwekundu, tumboni ana mabaka meupe, na sikio lake la kushoto lilikuwa limechanwa na miba. Baba hakunipa barua. Angenipa ya nini, na mjomba hakujua kusoma, na baba hakujua kuandika, na mimi shule niliishia darasa la tatu. Alinipa neno moja tu la kubeba mdomoni: "Mwambie mjomba wako, huyu ni wa dada yake."

Nikatembea naye kutwa nzima, nikalala kwa watu nisiowajua, kesho yake nikafika Kigongo penye kivuko. Sasa hivi watu wanapita juu ya daraja, hata maji hawayatazami. Wakati ule ulikuwa unasubiri kivuko mpaka jua linakuunguza. Siku hiyo kulikuwa na mchuuzi anavusha kundi lake kwenda mnadani. Tulipofika katikati kivuko kikayumba, wanyama wakashtuka, kamba ikanitoka mkononi, mtamba wangu akapotelea ndani ya ng'ombe wa watu. Nililia, sioni aibu kusema. Tuliposhuka Busisi yule mchuuzi akaniuliza, "Wako yukoje?" Nikamweleza: mwekundu, mabaka tumboni, sikio la kushoto limechanika. Akaingia mwenyewe katikati ya kundi, akamtoa. "Huyu hapa. Na acha kulia, unamtisha." Hakuuliza jina langu, wala la baba, wala la mjomba. Jioni mtamba alikuwa ndani ya zizi la wajomba, na baba alijua amefika pale aliponiona narudi mikono mitupu.

Nimeanza mbali, mnisamehe. Mke wangu anasema mimi ukinituma chumvi naanza kueleza ziwa lilivyojaa maji. Lakini wakati ule ulikuwa ukituma mali, mali yenyewe inakwenda kwa miguu yake, na kila anayeiona anajua ni nini. Siku hizi unatuma kitu usichokiona, na yule wa kukipokea naye hakioni mpaka mashine ikubali. Ndiyo habari yangu hasa.

Mwanangu wa mwisho, wa kike, anasoma chuo kikuu Kampala. Anasomea udaktari wa mifugo. Watu wa hapa Kiseke wanapenda kunitania kwamba nauza ng'ombe ili kumsomesha daktari wa ng'ombe, akimaliza atarudi akute zizi ni majani matupu. Wacha wacheke. Mwaka huu, mwaka wa kabla ya mwisho, chuo kilitoa tangazo: asiyemaliza ada mpaka Ijumaa hapewi kadi ya mtihani, na asiyefanya mtihani anarudia mwaka mzima. Mwaka mzima ni ng'ombe wengine wanne, na mimi wengine wanne sina. Nikauza wale niliokuwa nao, nikamwambia mke wangu kwamba Jumatatu naamkia benki.

Kwa kawaida tulikuwa tunamtumia kwa simu, vihela vya chakula na sabuni, na kaka yake ndiye aliyekuwa anabonyeza. Lakini kiasi cha safari hii simu ilikikataa. Mtoto akanitumia namba ya akaunti yake ya kule, jina la benki na tawi lake, na neno refu la herufi na tarakimu ambalo binti aliyenihudumia benki Jumatatu hiyo alilitaja kwa haraka, swifti kodi. Nikamwuliza ndiyo nini. Akasema, "Babu, ni kama anwani ya hiyo benki, dunia nzima wanaijua." Binti mwenye adabu yule. Alinipa shikamoo kabla sijakaa, akanisogezea fomu na kalamu.

Fomu ilikuwa na maswali mengi kuliko ya mchumba. Chanzo cha fedha? Nikamwambia ng'ombe wanne, mmoja mweusi mwenye paji jeupe, wa pili...

"Babu, inatosha," akacheka. "Naandika mifugo."

"Wote hao wamekuwa neno moja?"

"Ndiyo, babu. Sababu ya kutuma?"

"Ada."

Kisha akanieleza kwamba hela yangu itageuzwa dola, na kwa kuwa ni dola itapitia kwanza benki moja ya Marekani, ndipo irudi Kampala. Nilimtazama nikidhani ananitania. Kampala iko ng'ambo ya ziwa hili hili. Zamani meli ilikuwa inatoka hapa bandarini na kufika kule, na maji yanayolowesha mawe yetu ndiyo hayo hayo wanayochota wao. Hela ya ng'ombe wangu izunguke bahari mbili ili ivuke ziwa moja! Lakini nikakubali, maana mwenye mashine ndiye mwenye njia.

Tukafika penye jina la mpokeaji. Hapo sikuuliza mtu. Nikaandika mwenyewe, taratibu, herufi moja moja. Binti akasoma, akaniuliza, "Babu, ndivyo lilivyo kwenye akaunti? Una uhakika?"

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "jina hilo nimempa mimi. Nisilijue?"

Na hapa ni lazima nieleze, hata kama nachelewesha. Jina lenyewe sitalitaja, wenyewe hawapendi kuanikwa. Ni jina la mama yangu. Kwetu mtoto anarithi jina la bibi yake ili bibi asipotee. Ni la Kisukuma, na maana yake ni yule aliyezaliwa mvua zilipoanza. Katikati yake kuna L. Mama alipofariki tulimzika Buswelu, enzi zile Buswelu ni mashamba ya mihogo, si mji huu wenye mageti, na tulipomwaga saruji juu ya kaburi nilichukua msumari nikaliandika jina lake mwenyewe kabla haijakauka. Ndilo jina pekee ambalo nimewahi kuliandika kwa mkono wangu nikajisikia nimeliandika sawasawa. Mengine yote, hata langu, huwa nabahatisha.

Jumanne ikapita. Jumatano mtoto akapiga, "Baba, bado." Nikamwambia inapitia Marekani, ipe muda. Alhamisi asubuhi akapiga tena, na sauti ilikuwa imebadilika.

"Shikamoo baba. Baba, nimetoka benki. Hela imefika lakini wameizuia. Uliandika jina gani?"

"Lako."

"Lipi?"

"Unayo mangapi? La bibi yako."

"Baba, mimi naandikwa kwa R."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, baba. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba, pasipoti, kitambulisho cha chuo. Vyote R."

"Na hukuniambia?"

"Nilijua unajua. Ripoti zote za shule umesaini wewe."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Ni kweli nilisaini. Na jina nililiona pale juu, si kwamba sikuliona. Lakini nitasema ukweli wangu: sisi wa huku L na R ni ndugu wa tumbo moja, mmoja akisafiri mwingine anakaa kwenye kiti chake na hakuna anayeuliza. Mimi naweza kukuambia nimerara vizuri, na wala nisijisikie. Kwa hiyo kila nilipokutana na ile R, mdomo wangu uliisoma L, macho yakaufuata mdomo. Chanzo chake nakijua sasa. Karani aliyeandika kadi ya kliniki alikuwa mtu wa upande wa Mara, na watani zetu hao R wanaitia kila mahali kama sisi tunavyotia maziwa. Alisikia alichosikia, akaandika. Waliokuja baada yake wote walinakili. Miaka ishirini na zaidi, mama yangu anatembea kwenye makaratasi akiwa na herufi ya mtu mwingine, na mimi nagonga sahihi chini yake.

"Sasa si ubadilishe wewe huko?" nikamwambia mtoto. "Waambie wakutie L."

Akacheka, kicheko cha mtu anayekaribia kulia. "Baba, ili niwe L inabidi nirudi darasa la kwanza. Mtihani ni Jumatatu, na dirisha la ada linafungwa kesho."

Nikarudi benki. Foleni ilikuwa ndefu, mbele yangu amekaa mama mmoja wa soko la samaki la Mwaloni, wa kuuza dagaa kwa Wakongo, mwenye sauti ya kushindana na injini. Aliniona navyokunjakunja karatasi yangu.

"Mzee wangu, umenuna kama samaki wa barafu. Wamekuibia?"

Nikamweleza. Akapiga kofi paja lake. "Herufi moja tu? Mshukuru Mungu! Mimi wateja wangu wa Kongo wameshanibatiza majina matatu. Hela ikija kwa jina la kwanza nasema ni mimi, ikija kwa la pili nasema ni mimi. Wangeniita Petro ningeitika, mradi iingie."

"Lakini hili ni jina la mama yangu."

"Mama yako anakula jina?" Kisha akaona uso wangu, akateremsha sauti. "Samahani, baba. Nisamehe. Lakini mtoto yuko darasani, mama yuko kwa Mungu. Kwa Mungu hakuna fomu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Maneno yake yalikuwa na akili. Nilipoitwa dirishani, binti alikuwa ameshaijua shida yangu, ujumbe wa kutoka Kampala ulikuwa mbele yake.

"Babu, jina ulilotuma na jina la akaunti hayalingani. Ni herufi moja."

"Na namba je?"

"Namba ni sahihi."

"Benki?"

"Sahihi."

"Mtu?"

"Mtu yule yule, babu. Lakini mashine haijui kwamba moja ni kidogo."

Akanipa karatasi nyingine, ya kuomba kurekebisha. Ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: jina lililoandikwa kimakosa. Wa pili: jina sahihi. Nikamwuliza kama anaweza kunijazia yeye. Akasema hawezi, lazima iwe mwandiko wangu ufanane na ule wa Jumatatu.

Sasa nielewe vizuri, wewe unayenisikiliza. Sikuwa nabishana na benki. Benki haikumkosea mtu, na yule binti alitaka kunisaidia kwa moyo wake wote. Nilichokuwa naambiwa niandike ni kwamba mama yangu alikuwa kosa. Hapo kwenye mstari wa kwanza, chini ya neno "kimakosa", niliweka jina lake lenye mvua ndani yake. Na hapo kwenye wa pili, chini ya neno "sahihi", nikaweka jina lisilo na maana yoyote kwa lugha yoyote ninayoijua, sauti tupu. R yangu ilitoka na mguu uliopinda, sijazoea kuiandika. Nikasaini. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka aliyekuwa nyuma yangu akakohoa.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Mtoto akirudi utamwita kwa lipi?"

"Kwa lile la siku zote."

"Basi sijaona kilichoharibika." Baadaye kidogo akaongeza, "Ila mimi nisingeweza kuandika." Nilitamani asingeongeza.

Ijumaa, saa nne na nusu asubuhi, simu ikalia. Mtoto alikuwa anahema kama aliyekuwa anakimbia. "Imeingia, baba! Nimelipa, kadi ya mtihani ninayo mkononi!" Nikamwambia soma kilichoandikwa kwenye hiyo kadi. Akaanza kusoma namba ya mtihani, na chumba, na jina akalipita haraka. Nilimsikia akilipita. Nilimwambia, Mungu akutangulie, mwanangu, nenda kasome.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu na benki nikachukue nakala yangu. Nikaenda. Siku hiyo hapakuwa na foleni. Yule binti alifurahi kuniona, akaniuliza habari za mtihani, nikamwambia ameufanya, anasema haukuwa mgumu. Akanisogezea karatasi yenye muhuri. Mistari yangu miwili ilikuwa pale, mwandiko wangu, ile R na mguu wake.

"Babu," akasema, "sasa nikufanyie jambo moja zuri. Nimhifadhi mpokeaji huyu kwenye kompyuta awe wa kudumu. Muhula ujao hutaandika chochote, ni kusaini tu. Hakutatokea kosa tena."

"Wa kudumu kwa jina lipi?"

"Hili sahihi," akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Na lile jingine?"

"Lile tunalifuta, babu. Ili lisije likachanganya."

Alikuwa ananitazama kwa uso mwema, kidole chake kimeshafika juu ya kitufe, anangoja nitikise kichwa. Nilichukua kofia yangu pale mezani. Nikainuka. Nikampita mlinzi, akanifungulia mlango, akanipa shikamoo nikaitikia. Nyuma nilisikia sauti ya binti, "Babu, nakala yako!" Nikateremka ngazi, nikashika barabara ya kuelekea Kirumba kwa miguu. Ada ya muhula uliofuata mtoto alitumiwa na kaka yake. Mimi mle ndani sijakanyaga tena.